Mizani Kamili, Pumzi Hakuna: Tanzia ya Maalim Wangu wa Fidla

Makala haya yalikusudiwa kuwa kitu kingine. Mwanzoni mwa muhula nilimpelekea mhariri mada yenye jina zuri la kitaaluma, "Fani na Maudhui katika Wasifu wa Siti binti Saad", na nilikuwa nimekwisha andika kurasa nne: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, usawiri wa wahusika, matumizi ya lugha, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kila kitu mahali pake kama vikombe kabatini. Juma la tano nikapigiwa simu kutoka Unguja kwamba Maalim wangu wa fidla amefariki usiku, na maziko ni baada ya adhuhuri. Nilikwenda bandarini mbio, boti ya asubuhi imekwisha ondoka. Nilipofika kwao Ng'ambo jua limekuchwa, wanaume wamekwisha rudi makaburini, nami nikavua viatu nikaingia ndani walikokaa wanawake.

Zile kurasa nne ninazo hadi leo, lakini sizichapishi. Ninachotaka kujadili hapa ni shairi la tanzia nililomtungia Maalim, shairi baya, na namna ubaya wake ulivyonirudisha kwa Shaaban Robert nikiwa na maswali ambayo semina zetu hazijapata kuniuliza. Najua si kawaida ya jarida hili mtu kuhakiki kazi yake mwenyewe. Nyani haoni kundule. Basi mara hii nimejitahidi kugeuza shingo.

Kwanza Maalim mwenyewe. Jina lake sitalitaja. Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina, na wanaomjua watakuwa wamekwisha mjua. Alikuwa amepita miaka themanini. Ujana wake wote aliupitisha kwenye vikundi vya taarabu, na uzeeni akawa anafundisha watoto barazani kwake, bila ada, yeyote aliyekuja na subira. Mimi nilikwenda nikiwa darasa la sita. Subira sikuwa nayo, alinitia yeye.

Wasomaji wa bara wanaoijua taarabu kwa ile ya kisasa ya vinanda vya umeme waniruhusu nieleze kidogo, maana hoja yangu yote imelala hapa. Taarabu ya Unguja ina damu ya Misri. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo akajifunze kanuni, na alivyorudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Kwa hiyo njia za sauti tunazozifuata ni zile makamu za Waarabu: Rasti, Bayati, Hijazi na nyinginezo. Sasa, Bayati ina sauti yake ya pili ambayo kwenye kinanda haimo. Ukibonyeza kitufe cheusi umeshuka mno, ukibonyeza cheupe cha jirani yake umepitiliza. Sauti yenyewe imekaa katikati, pale pasipo na kitu cha kubonyeza. Shingo ya fidla haina alama yoyote, kwa hiyo sauti hiyo unaweza kuipata, na kwa sababu hiyohiyo unaweza kuikosa maisha yako yote.

Maalim aliifundisha kwa kunishika kidole cha kwanza na kukisogeza upana wa unywele. "Hapo." Akiondoa mkono wake, kidole changu kinateleza. "Sipo. Rudi." Mwaka mzima nilikuwa nafunzwa "rudi". Niliwahi kumwomba anichoree alama ya kalamu juu ya ubao wa shingo nijue mahali penyewe. Akacheka, akasema mahali penyewe panahama kila wimbo, nitafute kwa sikio.

La pili alilolishikilia ni pumzi. Kabla hujapiga wimbo wowote lazima uuimbe kwanza, hata kama sauti yako ni ya kuku. Alikuwa akisema fidla inamfuata mwimbaji na mwimbaji anafuata pumzi, "sasa wewe uliyewatangulia wote wawili unakwenda wapi?" Katika neno kama "mtu" hakuruhusu uiruke ile M. M ile ina uzito wake, unaweza kuishikilia midomo imefumbwa na wimbo ukaendelea kupita puani. Nilipokuja chuoni nikasoma kwamba M ya namna hiyo huhesabiwa kuwa mizani kamili, nilijiona mjanja kuliko darasa zima. Kumbe nilikuwa nimeanza kusahau. Barazani nilifundishwa kwamba M inaimbika. Chuoni nilifundishwa kwamba inahesabika. Tofauti hiyo ilikuja kunitoa jasho.

Siku ya msiba nilikaa mkekani na mke wa marehemu, ambaye sote humwita Bibi. Nje, kwa masimulizi ya kaka yangu aliyewahi maziko, shekhe alizungumza vizuri sana. Alimsifu marehemu kwa kutopitwa na sala ya alfajiri, kwa upole, kwa kutoacha deni, kwa kuwa mwepesi jirani akiitika shida. Yote kweli tupu. Fidla haikutajwa hata mara moja. Silaumu. Tunajua mahali pa muziki katika jamii yetu: wapo maulamaa wanaoukataa, wapo wanaoufumbia macho, na siku ya maziko si siku ya kufungua ubishi juu ya jeneza la mtu. Lakini nilipoambiwa nilihisi kama vile amezikwa mtu mwingine, na wangu bado yuko barazani.

Ndani ndiko alikotajwa. Bibi aliniambia kwamba siku zake za mwisho, hata alipokuwa hajibu tena akiitwa, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukitembea juu ya shuka. Vidole vinne vinapanda na kushuka, gumba limetulia. Halafu akanigeukia, macho makavu, akaniuliza: "Wewe mwanangu si ndiye mwanafunzi wake? Alikuwa akipiga nini?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi Dar es Salaam na lile swali, na kama ilivyo desturi yetu watu wa fasihi, mtu akikosa jibu hutunga shairi.

Kikundi chake cha zamani kilifunga ala kwa heshima yake hadi hitma ya arobaini ipite. Usiku wa kwanza wa mazoezi baada ya hapo nilivuka bahari nikiwa na beti tisa mkobani. Ubeti wa kwanza ni huu, na ninauweka wote hapa ili hukumu iwe ya haki:

Taa yetu imezima, giza kuu limetanda,
Nyoyo zetu zinauma, Maalimu umekwenda,
Mbuyu uliosimama, kwa upepo umepinda,
Rabbi akupe rehema, wema wako tutalinda.

Tuuhakiki kama tulivyofundishwa. Ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane kwa nane. Vina vya kati ni -ma, vya mwisho ni -nda, havikuyumba beti zote tisa. Tamathali za semi zipo: taa, mbuyu. Maudhui: msiba, heshima kwa mwalimu, dua. Nina hakika kwa karatasi hii ningepata alama nzuri tu.

Bi mmoja mwimbaji wa kikundi, ambaye amemfahamu Maalim miaka mingi kuliko umri wangu, alilichukua shairi akajaribu kulitia katika Bayati. Mshororo wa kwanza ukaenda. "Taa" ina irabu ndefu, mwimbaji anaikunjua anavyotaka, na ile "kuu" ya utao ikamjibu. Wapigaji wakaanza kukaa sawa vitini. Mshororo wa pili, penye "Maalimu umekwenda", nikasikia ala zinawahi: U ya mwisho ya Maalimu na U ya kwanza ya umekwenda zimekutana mdomoni zikawa moja. Nilizihesabu mbili, sauti ikazila. Wa tatu ndio ukaanguka kabisa. "Mbuyu uliosimama" kwenye penseli ni nane. Mdomoni, U inaimeza U, "lio" inageuka "lo", na Bi yule akafika kwenye kituo cha kati mapema, akasimama pale akingoja ala zimfikie kama mtu aliyewahi kituo cha daladala. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne akanirudishia karatasi, akanishika bega, akasema kwa upole: "Mwanangu, hili la kusoma."

Kha! Sijapata kusikia uhakiki mfupi kama huo, na hakuna mhadhiri aliyewahi kuniumiza hivyo.

Hiyo ni fani. Maudhui nayo hayana afadhali. Mbuyu haupindi kwa upepo. Mbuyu una unene wa chumba, upepo wa kuupinda haujavuma. Niliuandika "umepinda" kwa sababu "umeanguka" haina -nda. Kina kilinishika mkono nikakifuata. Na taa je? Taa na mbuyu ni mali ya umma katika tanzia zetu. Alipofariki Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999 mashairi ya maombolezo yalijaa magazetini, na ukiyapitia maktabani (mimi sikuwa nimezaliwa) utakutana na taa zilizozimika na miti mikuu iliyoanguka hadi uchoke. Kwa kiongozi wa nchi pengine yafaa, maana taifa zima halimjui kwa karibu, linahitaji picha kubwa ya pamoja. Lakini mimi mtu huyu alinishika kidole. Nilikuwa na unywele wa Bayati, nilikuwa na "rudi", nilikuwa na vidole juu ya shuka, nikaviacha vyote nikaenda kuazima mbuyu.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaingiza wenzangu, kwa sababu sidhani kosa ni langu peke yangu. Sote tumekariri mgogoro wa ushairi kwa ajili ya mtihani. Upande mmoja yuko Sheikh Kaluta Amri Abedi na kitabu chake cha 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, ambamo anashikilia kwamba shairi ni wimbo na lisiloimbika lina kasoro. Upande wa pili ni vijana wa miaka ya sabini: Kezilahabi na Kichomi mwaka 1974, Mulokozi na Kahigi na Malenga wa Bara mwaka 1976, waliodai kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Katika semina yetu mimi nilisimama na wanamapokeo, kwa kelele nyingi. Sasa nauliza: katika muhula mzima wa kugombania kama shairi liimbike au lisiimbike, nani aliimba? Hata mmoja! Wanamapokeo tulikuwa tunadonoadonoa karatasi kwa penseli, moja, mbili, tatu, hadi nane. Wanamabadiliko hawakuhesabu. Wote midomo imefumbwa.

Nadhani tumemsoma Amri Abedi kinyume. Yeye ameweka hesabu kwa sababu ya wimbo, sisi tumeitupa sababu tukabaki na hesabu. Mizani nane ni kama vitufe vya kinanda: inakuonyesha sauti iko baina ya wapi na wapi, haikupi sauti yenyewe. Nitakwenda mbali zaidi, na wanamapokeo wenzangu wanipige mawe. Yapo mashairi huru yanayotamkika kwa pumzi moja nzuri kuliko tarbia yangu yenye vina kamili. Siamini kwamba Amri Abedi angelisikiliza lile la kwangu usiku ule angesimama upande wangu. Angesimama na Bi.

Haya, turudi kwa Siti.

Katika zile kurasa nne, chini ya kichwa "Kutofaulu kwa Mwandishi", nilimshitaki Shaaban Robert kwa ukali. Nilisema Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka 1958, ni kitabu cha mwimbaji ambamo mwimbaji haimbi. Tunaonyeshwa subira yake, bidii yake, ukarimu wake, namna alivyowajibu wabaya wake kwa utulivu. Tunaambiwa alikuwa na sauti ya ajabu. Lakini sauti yenyewe ilikuwa ya namna gani, ilianza wapi na kuvunjika wapi, hatusikii. Nilimaliza kwa sentensi niliyoipenda sana wakati ule, kwamba mwandishi amemgeuza msanii kuwa somo la maadili.

Baada ya msiba nilikisoma tena, na yale mashitaka yakanisuta. Tuangalie Shaaban Robert alikuwa anamwandika nani. Mwanamke aliyezaliwa Fumba yapata 1880, wa ukoo wa wafinyanzi, watu wa chini katika Unguja ya masultani. Hakujua kusoma wala kuandika. Alihamia mjini mwaka 1911, akafanya kazi ya kuimba mbele ya watu, kazi ambayo kwa mwanamke ilitosha kumvunjia jina, na watu wakamkejeli sura yake na asili yake. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mtu kama huyo akiandikwa na malenga mkubwa wa lugha hii, katika enzi ile, jambo la kwanza si kutuambia alikuwa akiimba katika makamu gani. La kwanza ni kumkalisha mahali ambapo hakuna wa kumtemea mate. Adili aliyomvika Siti ni ukuta aliomjengea. Na nilipofika hapo nikamkumbuka shekhe wetu nje ya nyumba ya Maalim, na zile sifa zake za sala ya alfajiri na kutoacha deni. Pengine naye alikuwa akijenga, na mimi nikadhani anafuta.

Hata hivyo sikuiondoa hoja yote. Mtu anaweza kulindwa hadi asisikike. Ushahidi wangu ni Shaaban Robert mwenyewe. Mkewe Amina alipofariki alimtungia shairi lililomo katika Maisha Yangu, na humo anazungumza na Amina, kwa jina, ana kwa ana, kana kwamba bado anaweza kuitika. Habari za Siti ametuambia sisi. Habari za Amina alimwambia Amina. Ndiyo, moja ni wasifu na nyingine ni tanzia, kila utanzu na kunga zake, mhadhiri wangu ameniandikia hivyo pembezoni kwa wino mwekundu. Lakini ukizisoma siku moja mfululizo, kama nilivyofanya mimi, utahisi joto linavyotofautiana. Katika wasifu mwandishi amevaa koti. Beti zangu tisa nazo zilivaa koti. Ubeti wa kwanza unaanza kwa kuwaeleza watu ("taa yetu"), unamgeukia marehemu katikati ya mshororo wa pili ("umekwenda"), unarudi kwa watu na mbuyu, unaishia tena kwake kwa dua. Ndani ya mistari minne nimegeuka mara tatu. Sikujua nasema na nani kwa sababu sikuthubutu kusema naye.

Kuna mtu mwingine katika habari za Siti ambaye wahakiki tunampita mbio, nami nilimpita: mwalimu wake. Ni Ali Muhsin aliyemsikia Siti, akaona kuna kitu, akamfundisha kuimba. Kila nililopata kumjua Ali Muhsin nimelijua kupitia mwanafunzi wake. Siti hakusoma, kwa hiyo yote aliyopewa yalipita kinywani yakaingia sikioni, hakuna daftari. Nyimbo za Kiarabu alizishika kwa sikio. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Watu husema basi, angalau sauti ya Siti imesalimika. Imesalimika kwa kipimo. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua kama dakika 3 tu, na wimbo wa taarabu wenye watazamaji wanaotunza na mwimbaji anayerudia mstari mpaka ashibe hauwezi kuenea humo. Umekatwa. Kitabu kina adabu bila sauti, santuri ina sauti bila nafasi, na lile lililopita baina ya Ali Muhsin na Siti, lile "hapo" na "rudi" la kwao, halimo popote isipokuwa kooni mwa Siti, na baada yake kooni mwa waliomsikiliza. Bi Kidude, aliyefariki 17 Aprili 2013 nikiwa bado mtoto wa skuli, aliendelea kuziimba nyimbo za Siti hata uzeeni. Nilimsikia kwenye kanda tu. Maalim alisema nisimwige sauti, nisikilize anapopumua.

Mimi pia ninayo santuri yangu. Katika simu nina dakika 11 za somo la mwisho nililolirekodi, likizo iliyopita, nikitaka nije kuzoea wimbo fulani nikiwa chuoni. Nilipofiwa niliogopa kuifungua. Nilipoifungua nikakuta jambo ambalo sikulitazamia: Maalim hapigi. Katika dakika zote 11 fidla yake inasikika mara mbili, sekunde chache kila mara, akinionyesha. Kilichobaki ni mimi nakosea na yeye ananikatiza. Nimeyaandika maneno yake yote karatasini, kama mwanafunzi wa fasihi simulizi arudiye kutoka nyanjani, na hayajazi ukurasa. "Rudi." "Hapo hapo." "Unakimbilia nini?" "Sasa ivute." Kikohozi. "Ngoja muadhini amalize." "Rudi." Mara moja, na mara moja tu, "Ehee."

Kama matini hayana vina, na mizani yake ovyo. Lakini soma kwa sauti uone palipo pumzi. Hakuna taa wala mbuyu, na mtu mzima mzima amo ndani. Nikiulizwa leo tanzia ya Maalim iko wapi nitaitoa karatasi hii kabla ya beti zangu tisa, hata kama sijui iingie katika utanzu gani.

Beti zenyewe nimezichana nane. Katika ule wa kwanza nimebakiza ukwapi wa mwanzo, kwa sababu Bi aliimba "taa" na ilikuwa nzuri, na siwezi kujifanya sikuisikia. Naujaribu upya kila jioni, naimba kwanza ndipo naandika. Chumbani wenzangu wamekwisha choka. Mmoja amenihamia kitanda cha dirishani.

Likizo hii nilirudi kwa Bibi. Nilimwomba anionyeshe vile vidole vilivyokuwa vikitembea. Akanishika mkono, akapiga juu ya ngozi yangu anavyokumbuka: cha kwanza, cha kwanza, cha pili, kimya, cha kwanza, cha tatu, na cha kwanza tena, kirefu. Waya gani haiwezekani kujua. Shuka halina waya. Lakini kama cha kwanza ndicho kinachorejewa na kukaliwa namna ile, basi huenda ni Bayati, huenda mzee alikuwa bado anaitafuta ile sauti ya pili. Nikachukua fidla yake iliyotundikwa ukutani, nikaipandisha nyuzi, nikapiga alivyonigusa kwenye waya wa kwanza. Bibi akatikisa kichwa. Nikahamia waya unaofuata. Akakaa kimya, akainamisha sikio upande wangu.

"Labda," akasema. "Hebu rudi."